King'ora cha Jumamosi

Shinyanga Mjini,
6 Desemba 1997

Mpendwa Mjomba Tarsisi,

Shikamoo. Sisi huku mhola tu, hatujambo, ila mvua. Hii wanayoiita El Nino imefika mpaka jikoni kwetu, inadondokea katikati ya mafiga, na mama anapika huku ameweka sufuria mbili, moja ya mboga na moja ya maji ya mbinguni. Kikohozi kimemwachia. Mtihani wa kidato cha nne nimeumaliza, na tafadhali usiniulize ulikuwaje. Kila mtu ananiuliza, nami natazama miguu yangu. Msalimie sana baba. Mwambie asivue viatu vya kazi akiwa chini huko mgodini, namfahamu.

Sasa jambo lenyewe. Uliniambia wasimamizi wa shifti hawausomi ule ukurasa wa Kiingereza unaotoka kwenye kompyuta kila asubuhi, kwa hiyo niandike programu ndogo itakayotoa vipimo vya paa la handaki kwa Kiswahili. Nimeiandika, nayo imo kwenye disketi hii. Nimeiandikia ofisini kwa Mzee Mohamedali, ninakochapa kadi za harusi tangu nimalize shule. Binti yake Gulnaz ndiye aliyenifundisha, na kadi zikiisha ananiachia kiti.

Zile kurasa za kitabu ulizonitumia nimezisoma mpaka zimelegea. Zinasema programu yenu ina mlango ambao programu nyingine inaweza kuupitia na kuiuliza maswali. Wenyewe wanauita API. Onyo la kwanza kabisa ni hili: kabla hujauliza kitu chochote, uliza leseni imefungua vipengele gani. Usiamini majina unayoyaona kwenye skrini, maana jina hubaki pale hata kama kipengele kimefungwa. Basi programu yangu inaanza kwa kuuliza vinne: Vipimo, Michoro, Ripoti, Tahadhari. Kilicho wazi kinajibu 1, kilichofungwa kinajibu 0. Halafu ndipo yanafuata mambo ya paa. Mimi huku siwezi kuijaribu, kwa kuwa leseni yenyewe imo ndani ya kile kidude kilichochomekwa nyuma ya kompyuta ya kambini. Iendeshe, uchape, unirudishie karatasi.

Tahadhari ndicho kile kinachopiga king'ora, sivyo? Kitabu kinasema paa likianza kushuka kinapiga chenyewe, bila mtu. Nimefurahi kusoma hivyo, kwa ajili ya baba.

Na nikiri kitu: najivunia hii programu. Kwa mdomo nisingeweza kusema, lakini karatasi haina macho.

Mpwa wako,
Salvina


Kambi ya Lwabusele, Geita,
29 Desemba 1997

Mpwa wangu Salvina,

Marahaba, mama. Noeli tumekula vizuri, padre alifika kwa trekta kwa sababu gari lilizama. Baba yako aliimba sauti ya nne mpaka watu wakageuka. Mwambie Dada atumie pilipili ile ya Ushirombo, ya huku haiwashi.

Programu yako imekwenda vizuri mno! Bosi ameitazama, hakuielewa, amefurahi. Nimekuwekea karatasi humu. Sehemu ya juu nimeipunguza ili barua isizidi uzito posta. Mambo yote yako sawa.

Kuhusu king'ora usisumbuke. Kila Jumamosi saa sita mchana kinalia mpaka mbwa wa kambi wanaitikia. Mama ntilie wa getini wanaipua wali kwa king'ora hicho, hawana haja ya saa. Baba yako husema kikilia anasikia kama mama yako anamwita kula.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Tarsisi


Shinyanga Mjini,
11 Januari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Paa la jikoni limezibwa kwa bati la jirani, na jirani sasa analidai kila tukikutana.

Nimeikunjua karatasi mbele ya Gulnaz, kwa kuwa nilitaka aone. Akaniuliza, "Mbona imeanzia katikati?" Nikasema mjomba amepunguza uzito. Akaiweka kiganjani, akaipima. Mjomba, ile ni karatasi ya printa. Jani la mchicha lina uzito zaidi. Tena hukuichana, umeikata kwa mkasi, kwa unyoofu wa fundi, na mstari uliobaki juu ni wa tano. Minne uliyoiondoa ni ile minne niliyoisubiri.

Nakuuliza mawili tu. Tahadhari ilijibu nini? Na kile king'ora cha Jumamosi kinapigwa na nani: programu au kitufe?

Mama amepita sasa hivi akasema, "Unamwandikia nani kwa nguvu hivyo, kalamu inatoboa karatasi?" Nimemwambia nafanya mazoezi ya mwandiko.

Salvina


Kambi ya Lwabusele,
8 Februari 1998

Mpwa wangu,

Barua yako imechelewa, daraja lilikwenda na maji na mifuko ya posta ilikaa Geita mpaka ikaota ukungu. Nimeisoma.

Baba yako mzima. Amehamishiwa chini zaidi, ngazi mpya, ni cheo kidogo.

Salvina, kuna maneno ambayo mpwa hamwandikii mjomba wake. Mimi sikukuandikia barua ili nitahiniwe. Kompyuta ya kuchapia kadi za harusi na kompyuta ya mgodi si kitu kimoja, ingawa zote zina kioo. Na nani aliyemtafutia baba yako kazi hii? Alikuwa anapanga kwenda kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, ambako mtu anashuka kwa kamba. Hapa ana kofia, ana taa, ana bima. Mambo ya namna hii hutokea kwa sababu mtu fulani anajua kunyamaza na kufanya kazi.

Nirekebishie programu. Ondoa ile mistari minne ya mwanzo. Wasimamizi wakiiona wataanza maswali ya ovyo. Nataka vipimo tu.

Wako,
Tarsisi


Shinyanga Mjini,
16 Februari 1998

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimekosa, nisamehe. Nimeiondoa mistari yote minne kama ulivyotaka. Sasa kuna vipimo tu, na mwishoni mwa kila kipimo kuna kialama kidogo, pambo, ukurasa usiwe mkavu. Iendeshe, unirudishie karatasi nzima nione kama safu zimenyooka.

Mama anakusalimu. Pilipili imo kwenye kopo, nimempa kondakta wa basi la Geita, mdai.

Salvina


Kambi ya Lwabusele,
7 Machi 1998

Mpwa wangu mpendwa,

Hapo ndipo ninapokupenda! Pilipili imefika, inawasha kama deni. Karatasi hiyo hapo, nzima, sijaigusa. Safu zimenyooka kama mahindi ya mission. Hata vile vialama vinapendeza. Jilala, msimamizi wa shifti ya mchana, amesema inaonekana kama taraza ya pindo la nguo.

Mvua haijakoma. Chini maji yanatoka ukutani, lakini pampu zinafanya kazi.

Mjomba


Shinyanga Mjini,
15 Machi 1998

Mjomba Tarsisi,

Shikamoo nimeiandika kwa sababu mama amesimama mgongoni pangu. Sasa ameondoka.

Vile vialama si pambo. Nilikudanganya, na sijutii hata kidogo. Kila mstari unauliza kipengele kimoja kwa zamu: Vipimo, Michoro, Ripoti, Tahadhari, kisha unarudia. Nukta ni kilicho wazi. Kistari ni kilichofungwa. Chukua nakala yako utazame. Nukta, nukta, nukta, kistari. Nukta, nukta, nukta, kistari. Ukurasa mzima, Mjomba, mpaka chini. Hukuwa na mkasi wa kutosha.

Tahadhari imefungwa. Hiyo mashine inaona paa likishuka, inapima, inachora, inaandika ripoti nzuri, na haina ruhusa ya kumwambia mtu. Kila Jumamosi saa sita unabonyeza kitufe kwa kidole chako, king'ora kinalia, wali unaipuliwa, na watu wote wanajifunza kuamini kitu ambacho hakipo. Baba yangu anajifunza. Yuko ngazi ya chini kabisa, maji yanatoka ukutani, na moyo wake umetulia. Wewe ndiye uliyemtuliza.

Nimesoma kwa Kiingereza miaka minne, na Kiingereza chote nilichonacho nimekimalizia kwenye kitabu chenu. Hasira imenijia kwa Kiswahili. Mimi huwa nashindwa hata kumwambia mwenye duka kwamba chenji haijatimia. Siku mwalimu alipoita jina langu nijibu ubaoni nilijifanya naumwa jino. Lakini sasa nina maneno mengi mpaka nachagua. Uliniandikia kuhusu kofia na taa na bima! Bima ni ya nani, Mjomba? Ni yetu sisi tutakaobaki.

Usimwambie bosi, bosi anajua. Waambie wanaoshuka.

Salvina


Kambi ya Lwabusele,
2 Aprili 1998

Salvina,

Dada ameniandikia kwamba matokeo yametoka na umefaulu. Wewe hukusema neno. Hongera.

Sikiliza. Aliyetuuzia programu alikuja nayo ikiwa wazi yote, kwa majaribio. Wakati huo king'ora kililia chenyewe, nakuapia, niliona kwa macho yangu, nikatia sahihi kwamba kimejaribiwa na kinafanya kazi. Halafu kampuni ikanunua leseni ya bei ya chini. Kidude kipya kikaja, nikakichomeka. Majina yote yalibaki kwenye skrini vilevile, nami sikuuliza. Niligundua baadaye sana. Nikamwambia bosi, akasema kipengele hicho kitaombwa mwaka ujao, na kwa sasa niendelee na jaribio la Jumamosi ili watu wasiingiwe na hofu. Nikaendelea. Ndiyo hayo.

Lakini kuna jambo limetokea Jumanne, na nataka ulisikie kwangu. Nilikuwa mezani nala muhogo. Nikaona kipimo cha ngazi ya chini kinaruka. Kikaruka tena. Nikasubiri sauti, Mungu anisamehe, nilisubiri kana kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini. Kimya. Nikabonyeza. Sikuacha kubonyeza mpaka nilipoona watu wanatoka. Baba yako alitoka na kiatu kimoja. Jioni paa likaanguka palepale walipokuwa.

Wote wazima. Wamechinja mbuzi. Bosi amesimama juu ya kreti akasema, mnaona faida ya mashine? Wamenibeba mabegani, Salvina, wananiita Fundi King'ora, na Jilala analia kama mtoto. Ningesema nini pale?

Imeisha vizuri. Bosi ameahidi kipengele kitafunguliwa Julai. Tuache. Nikitoa neno, sahihi iliyopo ni yangu.

Mjomba wako


Shinyanga Mjini,
19 Aprili 1998

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakuombea kila asubuhi, amekuwashia mshumaa kanisani. Mshumaa mrefu.

Baba alikuja kwa Pasaka. Amekonda lakini anacheka. Alikaa jikoni akatusimulia king'ora, jinsi kilivyolia, jinsi alivyokimbia, akaigiza mpaka na kile kiatu. Majirani walijaa. Nikasubiri waondoke. Nikasema, "Baba, kile king'ora hakikulia chenyewe. Kilibonyezwa. Mashine haiwezi."

Nilisema, Mjomba. Kwa mdomo. Sauti ilinitetemeka lakini ilitoka.

Akacheka. "Mwanangu, nimekisikia kwa masikio haya mawili!"

"Ulisikia sauti, baba. Sikatai sauti."

"Basi kama nimesikia sauti, unabisha nini? Hizi kadi za harusi zimekupanda kichwani."

Na mama akasema, "Mshukuru Mungu na mjomba wako, ukae kimya."

Nikamwonyesha baba karatasi, nukta na vistari. Akaigeuza huku na huku. Akasema ni taraza nzuri.

Halafu akasema jambo lililonifanya nisilale. Akasema siku hizi hawapandi tena juu kula. Wanakula hukohuko chini, wanalala kidogo hukohuko, kwa kuwa mashine inawaangalia. Zamani walikuwa wanapanda kwa sababu ya woga. Woga mmeutoa. Umemwokoa Jumanne, ukamlaza chini ya jiwe Jumatano, na wewe unakula mbuzi!

Unasema imeisha vizuri. Hakuna kilichoisha. Ulikuwa mezani, basi. Kama muhogo ungechelewa kuiva, wewe ungekuwa umesimama jikoni unaungoja, na mimi ningekuwa nachapa kadi ya matanga.

Amerudi huko Jumatatu. Nimesema, na sauti yangu haikutosha. Yako inatosha, wameshaibeba mabegani. Usingoje Julai. Sema wewe, uwatazame wakati unasema. Usiposema, sitakuandikia tena, na nitawaeleza watoto wangu kwa nini.

Salvina


Kambi ya Lwabusele,
10 Mei 1998

Salvina,

Nilikaa na barua yako muda mrefu. Niliichukia. Mara mbili nilianza kukujibu kwamba huna adabu, na ni kweli huna.

Juzi, wakati wa kubadilishana shifti, nilikwenda mdomoni mwa handaki. Wanaotoka na wanaoingia wote walikuwapo. Nikasema, "Ndugu zangu, kile king'ora kilikuwa ni mkono wangu."

Wakashangilia. Mmoja akapiga kelele, "Tunajua, Fundi! Mkono wa dhahabu huo!"

Nikasema, "Siyo hivyo. Mashine haipigi. Haina ruhusa, leseni haijaifungulia. Jumamosi zote ni mimi nabonyeza. Siku ile nilikuwa nimekaa tu pale, nikaona."

Kicheko kikaisha kidogokidogo, wa nyuma wakawa wa mwisho. Jilala akanisogelea. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Na ukienda chooni?"

Salvina, nilisomea ufundi, nimekaa na wazungu, nimekaa na wauzaji. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, "Nikienda chooni, hakuna mtu."

"Na usiku?"

"Usiku hakuna mtu."

Yule aliyesema mkono wa dhahabu akatema mate chini, karibu na kiatu changu. Baba yako akavua kofia yenye taa, akaiweka mbele yangu taratibu, kama unavyoweka sahani mbele ya mgeni. Wengine wakafuata. Nilibaki nimezungukwa na kofia. Hakuna aliyeshuka, na mpaka leo hakuna anayeshuka. Bosi amekuja na maneno matamu, kisha na vitisho, Jilala akamjibu kwa Kisukuma, naye akamwomba mtu amtafsirie na hakuna aliyejitolea. Mkaguzi ameitwa kutoka Mwanza.

Mimi nimeambiwa nifungashe. Sahihi ni yangu, kama nilivyokuambia. Mkaguzi anataka nimweleze kabla sijaondoka, na nitamweleza, hata habari ya mkasi.

Baba yako haongei nami. Tunalala chumba kimoja. Jana usiku nilimwambia, shemeji, angalau nilisema. Akageukia ukutani.

Nyumbani Ushirombo sitaki kurudi na aibu hii. Shinyanga sina uso. Sijui nishukie wapi.

Tarsisi


Shinyanga Mjini,
17 Mei 1998

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimemsomea mama, yote, mpaka ile ya mkasi. Alikuwa anapepeta mchele. Alipepeta mpaka ungo ukawa mtupu, akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni." Halafu akasema neno jingine ambalo silikuandikii. Leo Jumapili hakununua mshumaa.

Nimelia kwa ajili ya baba kuwa juu. Kwa ajili yako sijalia. Nilidhani ukisema hasira itaniisha, nikajiandaa kabisa kuwa mwema. Haijaniisha. Kila nikifikiria zile Jumamosi zote, watu wanacheka, wewe unaondoa kidole kwenye kitufe na kwenda kula nao, inaanza upya. Na ulisema baada ya kusukumwa na mtoto. Ukimweleza mkaguzi, mweleze na hilo.

Umeuliza ushukie wapi. Shukia hapa. Mama amekubali, ila amesema utalala jikoni, na lile bati jirani amelichukua.

Usidhani ni msamaha. Maisha yangu yote nimekasirika kwa maandishi, na karatasi imenistahimili kwa sababu haina macho. Wewe unayo. Njoo ukae mbele yangu, unywe chai yako, nami nitasimama. Sitatazama miguu yangu. Nataka nikukasirikie kwa mdomo.

Mpwa wako,
Salvina Makoye